Jina tofauti halimsafishi aliyeiga lebo

Dada, umeuliza kama unaweza kumshtaki anayeuza asali Mwanjelwa kwenye chupa yenye lebo kama yako, ila jina lingine. Unaweza. Inaniuma, maana hata mimi nilibeba mfuko wa mchele nikijua ni ule wangu wa Kyela, kumbe rangi tu ndiyo ileile. Nilishtuka sufuria ikiwa tayari jikoni.

Uingereza, Januari 2025, Mahakama ya Rufaa iliipa ushindi kampuni ya vinywaji ya Thatchers dhidi ya maduka ya Aldi kwa kopo la saida ya limau, kinywaji chenye kilevi cha tufaha. Aldi walitumia jina lao, Taurus, lakini waliiga mwonekano, hadi vile vimistari vyembamba vya kwenye lebo. Kilichowabeba Thatchers ni kwamba walisajili lebo yenyewe.

Wewe je, kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, ulisajili jina tu? Ongeza picha ya lebo, maombi ni mtandaoni. Usajili unadumu miaka 7, baadaye unahuisha kwa miaka 10. Bila usajili bado unaweza kudai, lakini utathibitisha kwamba wateja wanakutambua kwa lebo ile. Kwa hiyo risiti, picha za zamani na meseji za wateja waliochanganyikiwa usizifute. Nunua na chupa yake moja leo, uombe risiti.