Bibi alitaka kovu lionekane, wewe unataka lijifiche

Barua za wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa wodi ya upasuaji, Mtwara.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 56, naishi Mikindani. Nilikuwa na kilo 104. Tangu nigundulike na kisukari nimejitahidi mpaka nimefika 71, na sukari sasa imetulia. Kilichobaki ni ngozi ya shingo, inaning'inia hata nikiangalia picha zangu najiona mzee kuliko mama yangu. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam amenitafutia daktari wa upasuaji rekebishi, ngozi ivutwe na kukatwa. Tukishalipwa hela ya korosho, nakwenda. Hofu yangu ni kovu. Mdogo wangu alitoboa masikio akaota vinundu nyuma ya ndewe, kimoja kikubwa kama korosho yenyewe. Nikitoka navaa ushungi, lakini nyumbani na kwenye shughuli za wanawake shingo iko wazi. Jirani ananiambia nikishatolewa nyuzi nipake mafuta ya maganda ya korosho yaliyochanganywa na ndimu. Nifanye nini kovu lisionekane?
Mama Wawili, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na jirani, maana hilo haliwezi kusubiri. Umewahi kubangua korosho kwa mkono? Wanawake wetu hujipaka majivu au mafuta vidoleni kwanza, kwa sababu utomvu wa lile ganda unaunguza ngozi nzima isiyo na jeraha. Ukiupaka kwenye mkato wa wiki mbili utapata kidonda juu ya kidonda. Ndimu nayo, ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua hubabuka na kuacha weusi wa miezi. Mshukuru jirani kwa nia yake, na usiyapake.

Sasa nikusimulie kitu. Nimezaliwa Newala. Bibi mzaa mama alikuwa na nembo za Kimakonde usoni, na nilipokuwa mdogo nilipenda kupitisha kidole juu yake nikiisikia ile mistari iliyoinuka. Aliniambia ngozi ilichanjwa, ikasuguliwa mkaa wa mbarika, ikapona, halafu ikarudiwa palepale. Nilikuja kuuelewa ustadi ule baada ya kuingia wodini. Kovu huinuka pale ngozi inaposumbuliwa tena na tena, na huwa jeusi likitiwa cha kulitia weusi. Waliomchanja bibi walijua kabisa wanachokifanya, na kwao kovu lililoinuka ndilo lililokuwa kovu zuri. Wewe unataka kinyume, basi geuza kila hatua: mkato uwe safi, usichokozwe, usivutwe, usichomwe na jua.

Mkato wenyewe utapita wapi? Kwa kawaida upasuaji wa kuinua ngozi ya shingo huanzia chini ya ndewe au mbele yake kidogo, hupanda nyuma ya sikio kwenye ule mkunjo, kisha hukata kuingia kwenye nywele za kisogoni. Mara nyingi huongezwa mkato mfupi chini ya kidevu, kama sentimita tatu, daktari apate kushona misuli ya mbele ya shingo. Sehemu hizo zimechaguliwa kwa sababu zina maficho yake zenyewe, yaani mkunjo, nywele na kivuli cha kidevu. Kwa hiyo asilimia kubwa ya kazi ya kuficha kovu hufanywa na mkono wa daktari siku ile ile. Muulize swali moja: uzito wa kuvuta utaubeba kwenye misuli au kwenye ngozi? Ngozi ikiachiwa kazi ya kuvuta, kovu hupanuka nyuma ya sikio na ndewe huburutwa chini hadi uso mzima ubadilike. Misuli ikibeba, ngozi hulazwa tu juu yake na kushonwa ikiwa imelegea.

Lakini sentensi muhimu kuliko zote katika barua yako umeiandika katikati kama jambo la kupita: masikio ya mdogo wako. Ile ni keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe. Sisi watu weusi tunaipata zaidi ya wengine, nayo hutembea katika ukoo. Na hupenda sana ndewe, nyuma ya sikio, taya, kifua na mabega. Umeona? Mkato wako unapita katikati ya makazi yake.

Sikuambii uache. Umri wako unakusaidia, kwa sababu keloidi huwaandama zaidi vijana kuliko watu wa miaka yetu. Nakuomba ujikague mwenyewe mbele ya kioo, mchana, kwenye mwanga. Angalia alama ya chanjo begani. Angalia masikio yako, goti uliloangukia utotoni, kovu la kujifungua kama uliwahi kupasuliwa. Kovu likiwa bapa au limezama, ni dalili njema. Likiwa limeinuka lakini limebaki ndani ya mstari wa jeraha la zamani, mwambie daktari. La namna hiyo mara nyingi hunywea lenyewe. Likiwa limevuka mipaka ya jeraha, limetambaa hadi kwenye ngozi ambayo haikuumia kamwe, basi wewe na mdogo wako ni damu moja, na hapo ningekusihi ukae tena na binti yako mfikiri upya. Shingo iliyolegea haiwashi wala haiumi. Keloidi nyuma ya masikio yote mawili inawasha, inauma, na haikupi usingizi ukilalia ubavu. Nimewafunga vidonda wanawake wa namna hiyo na bado nawakumbuka.

Na picha ya masikio ya mdogo wako ipige kwa simu, umwonyeshe daktari. Usimweleze kwa mdomo tu.

Kuhusu sukari, umesema imetulia, nami nafurahi. Usitegemee kipimo cha kidole cha asubuhi peke yake. Omba kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, uende nacho. Sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kufunga, hupata usaha, na kidonda kilichopona kwa usaha hakiachi kovu jembamba. Kama unatumia ugoro, na najua Mikindani wapo wengi, acha wiki nne kabla na wiki nne baada, sawasawa na mvuta sigara. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, na katika ngozi itakayoinuliwa, ile ya nyuma ya sikio ndiyo iliyo mbali zaidi na chanzo cha damu. Ikikosa damu hufa, hugeuka nyeusi, na huacha kovu pana lisilo na dawa nyepesi. Dawa zote unazokunywa, hata za miti shamba na aspirini, zitaje, maana zipo zinazozidisha kutoka damu. Presha nayo ipimwe. Hatari ya kwanza baada ya upasuaji huu ni damu kujikusanya chini ya ngozi, hasa saa 24 za mwanzo. Upande mmoja wa shingo ukivimba ghafla na kubana, mwite daktari saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Usipande basi la Mtwara siku ya tatu. Ni siku nzima ya kukaa na kutikiswa. Kaa kwa binti mpaka nyuzi zote zitoke: za mbele na za kidevuni hutolewa kama siku ya tano hadi ya saba, za nyuma ya sikio na kwenye nywele huweza kufika siku ya kumi au kumi na nne. Lala kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili.

Ukirudi nyumbani ndipo kazi yako inaanza. Mkato ukishafunga kabisa, hauna ukoko wala majimaji, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu, anza silikoni, ile ya kufunika kovu lisinenepe. Zipo za karatasi laini na za kupaka kama mafuta. Kwa joto letu ya karatasi huteleza kwa jasho, na nyuma ya sikio haishiki vizuri. Ningechukua ya kupaka nyuma ya masikio na ya karatasi kidevuni. Ya karatasi ikae angalau saa 12 kwa siku, unaiosha kwa sabuni na maji, unaikausha, unairudisha. Fanya hivyo miezi mitatu bila kuruka. Ukikosa hela ya silikoni, ile plasta ya karatasi ya dukani ya kubandikia bandeji, ibandike kufuata mstari wa kovu na uibadilishe inapobanduka. Inazuia ngozi kuvutwa, na ni nafuu. Vidonge vya vitamini E vya kupasua na kupaka achana navyo. Sijaona faida yake, na wengine huwatoa vipele. Mkorogo wa kung'arisha ngozi usiuguse kabisa.

Kuna mambo ya wanawake ambayo daktari hatakwambia. Msusi wako asikuvute kisogoni. Wiki sita za mwanzo usisuke, usitie dawa ya nywele, usipake rangi. Ushungi funga legevu, pini isishuke penye mkato. Hereni nzito ziweke sandukuni. Ukienda pwani au shambani, ushungi huo huo ndio kinga yako ya jua, na pale usipofika paka mafuta ya kukinga jua, kwa maana kovu changa likipigwa jua huwa jeusi kuliko ngozi yako na hubaki hivyo muda mrefu.

Halafu subiri. Mwezi wa pili kovu litakuwa gumu, jeusi na limeinuka kidogo, na utataka kulia. Ndivyo lilivyo katika umri huo. Hulainika polepole hadi mwaka, hata mwaka na nusu. Kinachotakiwa kukushtua ni kuwasha kusikokoma na kovu kunenepa badala ya kunywea baada ya mwezi wa tatu. Hapo usingoje msimu mwingine wa korosho. Nenda kliniki ya ngozi likiwa bado dogo kama punje ya mchele.

SWALI: Shikamoo bibi. Kaka yangu wa Nachingwea alitolewa goita, yaani tezi ya shingoni iliyovimba, miaka miwili iliyopita. Kovu la shingoni limekuwa nene, linawasha, na sasa anataka alikate kabisa. Ni sawa?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba. Mzuie kwanza. Keloidi ikikatwa bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa kuliko ya awali. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, dada mmoja alikatwa hivyo na akaondoka akicheka. Mwaka haukuisha akarudi na kovu mara mbili ya lile. Dawa inayoanza ni sindano ya kulilainisha inayochomwa ndani ya kovu lenyewe, kila wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Inauma, mwambie mapema asije akakimbia baada ya ya kwanza.

Ila mpelekee kioo, ameze mate akijitazama. Kama unene uko juu ya ngozi na hausogei, ni kovu. Kama kuna uvimbe chini ya kovu unaopanda na kushuka anapomeza, huenda ni tezi inaota tena, na huyo anatakiwa kumwona daktari wa upasuaji. Akija Mtwara, hospitali ya Ligula au ya Mitengo, aulize kabla ya kupanda gari kliniki ya ngozi ni siku gani, na aje na karatasi zake za upasuaji wa kwanza.