Muulize Fundi: Glopu ikiungua mara kwa mara, kagua umeme kwanza

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni bodaboda hapa Ifakara. Natumia pikipiki ya Kichina ya cc 125, injini ya CG, ya zamani, nimeinunua mkononi kwa mtu. Tangu masika yaanze glopu ya taa kubwa inaungua kila baada ya siku chache. Fundi wa hapa kijiweni ananiambia nifunge ya wati 60, eti ndiyo ngumu. Juzi usiku natokea Mang'ula ikaungua tena, na taa ya nyuma ikazima palepale, pamoja na ile ya kwenye spidi. Taa ya breki, indiketa na honi ziko sawa, na betri ni mpya. Nimekutumia kwa basi glopu tatu zilizoungua, zimo kwenye boksi la dawa ya meno. Nisaidie Fundi, abiria wa usiku wananikimbia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Boksi limefika salama, na nakushukuru kwa kutozitupa. Glopu iliyoungua inaeleza kilichoiua, lakini wengi wetu tunairusha mtaroni kabla ya kuitazama.

Nimezishika juani moja moja. Zote zina alama zilezile. Nyuzi zote mbili zimekatika, wa dimu na wa fulu, na pale zilipokatikia kuna donge dogo la chuma kilichoyeyuka, saizi ya kichwa cha pini. Kioo kwa ndani kina weusi unaong'aa. Nadhani dimu ilipokufa ulihamia fulu ili ufike nyumbani, nayo ikaenda. Uzi ungekatwa na mtikisiko wa barabara, ungekatika bila donge na kioo kingebaki cheupe. Hewa ingekuwa imeingia, ungeona unga mweupe ndani. Hizi zako zimeuawa na umeme uliozidi.

Barua yako nayo inasema hivyohivyo. Kwenye pikipiki nyingi za injini ya CG, taa kubwa, taa ya nyuma na ile ya kwenye spidi hupata umeme wa AC, ule unaogeuza mwelekeo kila mara, moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Taa ya breki, indiketa na honi zinatumia betri. Sasa angalia kilichokufa na kilichobaki: vyote vilivyoungua viko upande mmoja. Kuhakikisha, washa swichi ya ufunguo na ya taa bila kuwasha injini. Taa kubwa isipowaka mpaka injini ingurume, basi ni ya magneti.

Anayetakiwa kuuzuia umeme wa magneti usipande unapovuta mafuta ni rejuleta, ile ambayo wauza spea wengi wanaiita rektifaya. Inachukua umeme uliozidi na kuutupa kwenye bodi kupitia athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha pikipiki. Athi ikiwa na kutu, umeme hauna pa kwenda isipokuwa kwenye glopu. Wewe umesema tatizo limeanza na masika, kwa hiyo mimi ningeanzia hapohapo, kabla ya kununua chochote. Fungua rejuleta, piga msasa sehemu inapokaa mpaka chuma king'ae, safisha na bolti yake. Kisha chomoa soketi uangalie waya wa kijani, ambao ndio athi kwenye pikipiki nyingi za aina hii. Ukiona pini imeota ukijani au plastiki imeungua pembeni, umempata mhalifu wako.

Ukimaliza, azima mita. Iweke kwenye volti za AC, si DC, ambao ni umeme wa betri. Funga glopu ya bei rahisi, iwashe, kisha pima kati ya waya wa njano unaotoka magneti na athi huku mwenzako akipandisha resi taratibu. Ikitulia kati ya 12 na 14, umepona. Ikipita 15 na kuendelea kupanda kadiri resi inavyopanda, na athi umeshaisafisha, rejuleta imekufa, nunua nyingine. Hapohapo hamishia mita kwenye DC upime betri: nayo ikipita 15 kwenye resi inachemshwa, na huo upya wake hautadumu. Haya si mambo ya kubahatisha. Volti ikizidi asilimia 5 tu, umri wa glopu unapungua karibu nusu.

Kuhusu wati 60, kataa. Glopu yako imeandikwa 12V 35/35W kwenye kitako, na koili yako imetengenezwa kwa mzigo huo. Mwenzangu wa kijiweni anaiona ngumu kwa sababu inaumeza ule umeme unaozidi, lakini siku rejuleta itakapopona utabaki na taa ya njano isiyofika mbali. Joto lake nalo linalegeza soketi na kubabua kioo cha nyuma kinachomulika. Nimefungua taa nyingi zilizoharibiwa hivyo, na kioo kikishapoteza mng'ao hakuna glopu itakayokusaidia.

Kufunga hakuna shida: skrubu mbili za pembeni, taa inatoka kwa mbele. Ishike, usiiache ining'inie kwenye nyaya. Vuta soketi, si waya. Kama ni ya halojeni usiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakitengenezea sehemu ya moto kupita kiasi. Ukiigusa, futa kwa spiriti. Na tafadhali rudisha ule mpira wa nyuma. Watu wanautupa, halafu vumbi na maji vinaingia.

Mpaka umalize, usibebe mtu usiku. Tochi ya simu mdomoni si taa. Barabara hiyo ina malori ya miwa na baiskeli zisizo na taa, na mimi nakutaka uzeeke.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu, Mpwapwa. Honda yangu CG125 ya zamani, dimu inawaka ila fulu hakuna, na glopu ni mpya. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, kwanza soma kitako cha hiyo glopu. CG ilianza kutengenezwa mwaka 1976 na zile za mwanzo zilikuwa za volti 6, kwa hiyo kwa pikipiki ya umri huo usinunue kwa kukisia. Kama volti ni sahihi, geukia swichi ya mkononi. Pima waya wa bluu, ambao kwa kawaida ndio wa fulu, kwenye soketi ya glopu. Umeme ukifika hapo, pini ya soketi imelegea. Usipofika, fungua swichi: vishaba vyake, vile vipande vya shaba vinavyogusana, vinaliwa na vinashika ukungu upande usiotumika sana. Msasa laini na mafuta kidogo ya vaselini vinatosha mara nyingi.

SWALI: Nimefunga taa ya LED badala ya glopu, lakini inakonyeza kama ya disko. Ni feki? Bodaboda, Singida.

JIBU: Huenda si feki. Umeipa umeme wa AC, nayo inataka DC. Ipe umeme wa betri kupitia waya unaowaka na ufunguo, uweke fyuzi na rilei (swichi inayowashwa na umeme), na waya wa njano wa taa uufunge vizuri kwa tepu usije kupiga shoti. Halafu pima betri taa ikiwa imewaka na injini ikiwa kwenye resi: ikikaa chini ya 13, koili ya kuchaji haimudu, rudisha glopu.