Saa za Finland: majibu kwa wasomaji

Mwanangu anasoma Helsinki. Julai saa zetu zililingana, lakini Novemba amelalamika kuwa nampigia simu alfajiri. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Finland hufuata saa za kiangazi, ambazo ni zilezile za Dar es Salaam na Nairobi. Baada ya hapo hurudisha saa nyuma, kwa hiyo ukimpigia saa moja asubuhi, kwake ni saa kumi na mbili. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuukomesha utaratibu huu, lakini nchi wanachama hazijaafikiana, nasi tunaoishi huku bado tunapanda kiti kugeuza saa ya jikoni mara mbili kwa mwaka.

Je, mnatumia saa za Kiswahili huko?

Nyumbani kwangu tunazitumia, ingawa kwa taabu. Hesabu yetu huanzia jua linapochomoza, na karibu na Ikweta jua halivunji miadi. Helsinki, mwishoni mwa Desemba, huchomoza yapata saa tatu na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri, ilhali mwishoni mwa Juni huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama karibu saa tano usiku. Mtoto aliyezaliwa huku, ukimwamsha Desemba kwa kumwambia ni saa moja asubuhi, huchungulia dirishani na kukuuliza asubuhi yenyewe iko wapi.

Ni kweli kaskazini jua halionekani kabisa?

Ni kweli. Utsjoki halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, kipindi kiitwacho kaamos, ingawa adhuhuri huwapo mwanga hafifu wa samawati. Shule na maduka hufuata saa zake kama kawaida. Sheria humtaka mtembea kwa miguu avae riflekta gizani: kidude cha plastiki kinachoning'inia kwa uzi kutoka mfuko wa koti, karibu na goti, ambacho dereva hukiona kikimeta kabla hajamwona mtu. Binafsi giza nimelizoea; kinachonishinda ni usingizi wa Juni, hata kwa mapazia mazito.

Nikivuka kwenda Sweden, nibadili saa?

Ndiyo, Sweden iko nyuma kwa saa moja mwaka mzima. Tornio na Haparanda ni miji pacha iliyotenganishwa na mpaka huo, na anayetaka huko huukaribisha mwaka mpya mara mbili kwa usiku mmoja, kwa miguu.