Mwambie nimekufa

Nilikuwa kwenye matatu ya Umoja, Barabara ya Jogoo, Nairobi, magari hayasongi. Mama aliyeketi mbele yangu akapokea simu, akasikiliza kidogo, akasema, "Mwambie nimekufa," kwa sauti ile ile ambayo mtu huagizia nyanya. Akakata simu, akatoa karanga kwenye mkoba, akaanza kula. Makanga alipopita, mama alilipa nauli, akadai chenji yake mpaka shilingi ya mwisho, kisha akashuka kituo cha Hamza.

Hiyo ilikuwa 2019, na mama yule bado ananisumbua.

Watu wakijua kwamba naandika hadithi huniuliza ilhamu naitoa wapi, tena wananong'ona, kana kwamba kuna duka la ilhamu mjini na mimi nawaficha njia. Jibu langu huwavunja moyo. Naitoa kwa watu, bila kuwaomba ruhusa.

Kazi inayonilisha ni kuuza sare za shule katika duka moja la Biashara Street. Januari ndiyo msimu wetu, na mzazi aliye mbele ya kaunta husema mengi bila kujua. Yuko anayemchukulia mtoto sweta iliyomzidi namba mbili, "atakua nayo," huku mikono ya sweta ikimmeza vidole. Yuko anayeuliza bei ya kila kitu, akanunua soksi peke yake, kisha akaomba atiliwe kwenye mfuko mkubwa wenye jina la duka. Na mwaka mmoja alikuja baba, mwezi wa pili umeshaanza, amebeba sare kamili za kidato cha kwanza zikiwa bado kwenye karatasi, risiti ameikunja vizuri. Akauliza kama tunarudisha pesa.

Haturudishi. Imeandikwa ukutani.

Usiku huo niliandika kurasa nne mfululizo, machozi yakinilengalenga. Nilipozisoma baada ya wiki moja zilikuwa baridi kama chai ya jana. Kila neno lilikuwa la kweli, ila nilikuwa nimenakili tu nilichokiona, na nilichokiona nilikuwa tayari nakijua. Mambo yalibadilika nilipojiuliza jambo ambalo pale kaunta nisingeweza kulijua: yule baba alipofika nyumbani, zile sare alizificha wapi? Nikamwona akipiga magoti usiku, akivuta sanduku chini ya kitanda polepole lisikwaruze sakafu. Na nyuma ya pazia, kwa sababu wengi wetu tumelelewa katika chumba kimoja ambamo pazia ndilo ukuta, mtoto yuko macho, anajifanya amelala. Basi hadithi ikahamia kwa mtoto. Sikuwa nimepanga hivyo.

Kwa hiyo, ukinaswa na kitu barabarani, usikimbilie kukiandika chote. Chukua maneno yalivyotoka mdomoni mwa mwenyewe, na makosa yake. Chukua kitu kimoja cha kushikika: karanga, risiti, mfuko. Halafu andika swali moja ambalo huna jibu lake. Fanya hivyo papo hapo, kwa maana ukingoja mpaka jioni utakuwa umeshayanyoosha yale maneno yakawa Kiswahili cha mtihani. Mimi huandikia kwenye kadibodi zile zinazokuja ndani ya mashati mapya. Nina droo nzima ya kadibodi, na mwenye duka anadhani nazipeleka nyumbani kuwashia jiko.

Lakini droo ya kadibodi si kitabu. Ninao marafiki wenye vijisa vitamu kuliko vyangu na hawajawahi kufika ukurasa wa kumi.

Huamka saa kumi na nusu alfajiri. Hakuna siri katika saa hiyo, ila saa kumi na mbili jirani hufungulia redio, na mimi sharti niwe nimetoka kabla Barabara ya Jogoo haijajaa magari. Lengo ni maneno 300, siku tano kwa wiki. Ukipiga hesabu, wiki 40 zinakupa maneno 60,000, na hiyo ni riwaya. Hesabu hiyo inadanganya kidogo. Haina matanga, haina homa, haina siku unazoandika 300 na kufuta 500. Riwaya yangu ya kwanza ilinichukua miaka minne.

Nikikwama, simuulizi mhusika anajisikiaje. Namuuliza ana shilingi ngapi mfukoni. Mpe mtu sabini tarehe ishirini na sita, mweke mjini jioni, mvua inyeshe: atapanda gari au atakula? Mara nyingi sura hujisukuma yenyewe kuanzia hapo.

Mwaka 2021 simu yangu iliibwa sokoni Muthurwa, na mswada ulikuwa ndani yake, sura tisa. Sikuwa na nakala popote. (Siku hizi kila Ijumaa najitumia mswada kwa barua pepe. Wako umeuhifadhi wapi?) Miezi miwili sikuandika kitu. Kila aliyenifariji alinikumbusha Ngũgĩ wa Thiong'o, jinsi alivyoandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu kwenye karatasi za choo katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi mno katika vikao vya waandishi wa Nairobi, na nakiri kilikuwa kimeanza kunichosha. Ila kipo kipande ambacho watu hukiruka. Askari walipekua seli yake wakazichukua karatasi zile, na baadaye akarudishiwa. Nikabaki na kipande hicho. Mimi sitarudishiwa, lakini je, kama ningekuwa naye mle ndani, ningekumbuka kiasi gani cha nilichokiandika? Nikanunua daftari, nikaanza sura ya kwanza kutoka kichwani. Iliyokuwa na kurasa kumi na nane ilirudi ikiwa na kumi na moja. Zile saba sijawahi kuzikosa.

Wachapishaji nao. Wa kwanza alinijibu baada ya miezi kumi na mmoja, kwa swali moja: "Itafaa shule?" Niliumia, mpaka nilipoelewa biashara yenyewe. Hapa kwetu riwaya ya Kiswahili hula kupitia darasani. Ikiteuliwa kutahiniwa, inauzwa kila kaunti, na isipoteuliwa, inabaki kugombania rafu na vitabu vya mazoezi. Siwezi kuulaani mfumo huo wote, kwa sababu *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilinifikia kwa njia hiyo hiyo, na bila kitabu hicho huenda nisingethubutu. Kila asubuhi napita Barabara ya Landhies, ambako mwandishi huyo aligongwa na basi Aprili 2020 akafariki, na huwa nanyamaza kidogo pale. Lakini usimtie mwalimu mkuu mwenye busara katika hadithi yako ili kumfurahisha mhariri. Nilijaribu. Mhariri hakufurahi, na yule mwalimu mkuu alikuwa mwenye kuchosha ajabu.

Ipo pia Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Nimetuma mara mbili na sijatajwa popote. Nitatuma ya tatu.

Msomaji ninayemwamini zaidi hasomi riwaya. Ni fundi wetu wa cherehani, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye namsomea saa ya chakula akimalizia kushona. Hajawahi kuniambia "nzuri" wala "mbaya." Mimi husikiliza mguu wake. Cherehani ikiendelea kulia bila kupunguza mwendo, aya hiyo naiwekea alama ya kufutwa. Siku niliyomsomea ile sura ya pazia, mguu ulisimama juu ya kanyagio, na ukakaa hapo.

"Binti yangu," akasema, "huyo mtoto aliziona hizo sare?"

"Wewe waonaje, mzee?"

Akakaza uzi, akarudi kwenye kola yake.

Hadithi ya mama wa karanga iko kwenye rasimu ya tano. Nimemfanya mdaiwa, nikamfanya mke aliyetoroka, nikamfanya dada wa mtu aliye gerezani. Hakuna anayekaa. Mwezi uliopita nilipanda gari Mutindwa alfajiri nikamwona, au nilidhani ni yeye: mkoba ule ule, kichwa kimeegemea dirisha. Nikaacha kiti kizuri cha mbele nikaenda kubanana nyuma yake, kadibodi mkononi, masikio wazi.

Alilala mpaka mjini.