Usinunue hilo roli la faiba la njano!

Mkuu uliyeko Iringa, usilipe! Umeuliza mota gani, gundi gani na programu gani ya kusogeza nyuzi 20 za faiba (vioo vyembamba vinavyopitisha mwanga) nyuma ya darubini yako ya inchi 8, kila uzi ukamate nyota yake, halafu mwishoni ukachomekea kwamba fundi wa intaneti anakuuzia roli la faiba kwa bei ya kutupa. Mota ziache kwanza. Roli kama hilo lilinimalizia hela ya viazi ya msimu mzima hapa Uyole, Mbeya.

Fundi wangu naye aliniambia "faiba ni faiba, bosi". Akachomeka tochi ya leza upande mmoja, upande wa pili pakawaka nukta nyekundu kama kaa la mkaa. Nikalipa huku natabasamu, mjinga mimi. Ile leza ina soketi inayoilenga kwenye kiini, ile sehemu ya katikati ya kioo inayopitisha mwanga. Nyota ina soketi?

Koti la njano kwa kawaida maana yake kiini cha mikroni 9 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa darubini yenye fokasi (umbali wa kukusanya mwanga) ya milimita 2,000, nyota hutua kama duara la mikroni 30 hivi, kwa sababu hewa inaitikisa. Hata sehemu ya kumi ya mwanga haiingii. Na kwa macho hushtuki, maana kioo chenyewe kwa nje ni mikroni 125, sawa na faiba nyingine nyingi. Julai nzima nimekaa uani na blanketi, meno yanagongana, nyota Antares iko juu kabisa, kamera inaonyesha giza tupu. Nikalaumu mota. Nikazibadilisha mara mbili! Kumbe maskini zilikuwa nzima, zinahangaika kulenga tundu la sindano.

DESI, mtambo wa kupima mwanga wa galaksi kwenye darubini kule Kitt Peak, Arizona, Marekani, una nyuzi za faiba 5,000, kila uzi na roboti yake yenye mota mbili, na hulenga ndani ya mikroni 10. Kila mtu anasifia roboti. Kiini chao ni mikroni 107, kwa hiyo kukosea mikroni tano si msiba. Wewe ukikosea tano kwenye tisa, umetoka nje.

Kiini kwanza, mota baadaye. Soma maandishi kwenye koti, kiini kwanza halafu kioo kwa nje: 9/125 rudisha, 50/125 au 62.5/125 tunaongea, 105/125 kumbatia.

Gundi weka kidogo tu, uzi ukibanwa au kukunjwa sana mwanga hutoka umetawanyika.

Roli langu lipo. Mama watoto amekata mita kumi, anaanikia nguo, na anasema ni imara kweli.