Vilinda ugoko na begi la magongo: pesa kidogo iende wapi

Mtu akianza kucheza mpira wa magongo kwa kujifurahisha, pesa yake karibu yote huishia kwenye gongo. Sishangai: gongo ndilo linaloonekana, na ndilo wenzako watakaloomba walishike kidogo. Vilinda ugoko hununuliwa mwishoni kwa kilichobaki, na begi huwa lolote litakalopatikana. Kila mgeni anayejiunga na timu yetu ya mwisho wa wiki namshauri ageuze mpangilio huo. Gongo la kuanzia utaazimwa na mtu yeyote uwanjani. Vilinda ugoko vya kuazima ni bahati nasibu, na visipokukaa sawasawa utavivua kabla ya mapumziko.

Kwanza tujue tunajikinga na nini. Mpira wa mchezo huu ni mgumu na hauna upepo ndani. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIH, zinataka uwe na uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na mzingo wa milimita 224 hadi 235. Ni mpira mdogo unaoenea kiganjani, lakini ukiupokea kwenye mfupa wa ugoko hutausahau wiki nzima. Gongo nalo linaruhusiwa kufika gramu 737, na ile ncha yake iliyopinda hupita chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu. Kwa ninavyoona, sisi tunaocheza kwa burudani tunaumizwa na magongo ya wenzetu kuliko tunavyoumizwa na mpira. Wachezaji wazoefu wanajua kukaba kwa subira. Wengi wetu tunakaba kwa pupa.

Kanuni hizo za FIH zinapendekeza mchezaji wa ndani, yaani yeyote asiye kipa, avae kinga ya ugoko, ya kifundo cha mguu na ya mdomo. Mashindano mengi hulifanya jambo hilo kuwa sharti, kwa hiyo uliza waandaaji wenu kabla hujanunua chochote.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama vilinda ugoko vya soka vinatosha. Jibu langu ni hapana, labda kwa mazoezi ya siku mbili tatu za mwanzo ambapo hakuna anayemgusa mwenzake. Vya soka vimetengenezwa kwa ajili ya teke linalotoka mbele. Vingi ni vidogo, vyembamba, na vinaishia juu sana ya kifundo. Huku kwetu pigo linatoka pembeni na linatoka chini. Kilinda ugoko cha magongo kinaanza chini kidogo ya goti, kinaukumbatia mguu pande zote mbili, na kwa chini kinapanuka kufunika zile nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje. Ukikishika dukani, angalia hapo chini kabla ya kuangalia kitu kingine. Kama gamba linaishia juu ya nundu na kilichobaki ni kitambaa kitupu, kirudishe.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui. Magongo yote hutengenezwa kwa namna moja, upande bapa ukiwa kushoto, mkono wa kushoto ukishika juu na wa kulia chini. Hakuna gongo la mashoto. Kwa hiyo wachezaji karibu wote hutanguliza mguu wa kushoto wanapopiga na wanapokaba. Ukitazama jozi yangu utaona kilinda ugoko cha kushoto kimejaa michubuko upande wa ndani, hasa karibu na kifundo, wakati cha kulia bado kinang'aa. Unaponunua vilivyotumika, anza kukagua cha kushoto.

Sasa kipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa inapopotea. Kaa kwenye kiti, goti likunjwe, viatu vya kuchezea vikiwa miguuni. Weka vidole viwili chini ya pia ya goti, na kuanzia hapo pima hadi pale mguu unapokunjika kuingia kwenye unyayo. Huo ndio urefu wako. Pakiti nyingi huonyesha saizi kwa kimo cha mtu, lakini kimo kinadanganya: watu wawili wanaolingana kichwani wanaweza kupishana ugoko kwa sentimita kadhaa. Ukikuta jedwali la urefu wa ugoko, fuata hilo.

Kisha vivae na uvijaribu kwa mikao ya mchezo. Kusimama wima mbele ya kioo hakukwambii kitu. Vaa soksi ndefu utakazochezea, vaa viatu, halafu chuchumaa kama mtu anayelaza gongo chini kuzuia mpira. Kilinda ugoko kirefu kupita kiasi kitachoma chini ya goti, au ukingo wake wa chini utasukuma mgongo wa unyayo hadi uhisi unachubuka. Kifupi kitapanda na kuacha pengo juu ya kifundo. Kimbia hatua chache, geuka ghafla, halafu angalia kama bado kiko katikati. Mwenye miguu membamba ahangaikie zaidi kilinda ugoko kuzunguka mguuni. Mwenye misuli minene ya nyuma ya mguu aangalie kama kingo zinafika pembeni au zimeishia mbele tu. Mwombe mtu akutazame kwa nyuma. Muuzaji asiyetaka ujaribu hivyo, mwache, nenda kwa mwingine.

Kuhusu malighafi sitachukua muda. Gamba la plastiki ngumu lenye sponji nene ndani linamtosha kabisa mchezaji wa burudani. Vile vya nyuzi za kaboni ni vyepesi na ni vizuri, ila unalipia wepesi ambao hutautambua katika mchezo wa Jumapili. Afadhali tofauti hiyo ya bei uinunulie kinga nzuri ya meno.

Majaribio mawili ya mkono yanatosha. Bonyeza sponji kwa kidole gumba kisha achia: inapaswa kurudi mara moja. Ikibaki na shimo, au ikivunjika vipande vipande kama ganda la mkate mkavu, imekufa. Halafu lipinde gamba kidogo kwa mikono miwili, kwenye mwanga. Plastiki iliyochoka huonyesha mistari myeupe myembamba pale inapopindika, na mistari hiyo ndiyo mwanzo wa ufa. Vilinda ugoko vya mtumba vinavyopita majaribio haya mimi navinunua bila wasiwasi, na nimewanunulia wenzangu pia.

Mikanda isikukatishe tamaa. Kwenye vilinda ugoko vya bei nafuu kitu cha kwanza kuharibika ni lastiki ya nyuma au ile sehemu ya kunata inayojaa nyuzi za soksi hadi haishiki tena. Nyuzi unaweza kuzichokonoa kwa sindano. Lastiki iliyolegea fundi wa cherehani huibadilisha kwa muda mfupi. Gamba zuri lenye mkanda mbovu ni ununuzi mzuri. Mkanda mzuri kwenye gamba fupi hauna maana. Na kama sponji au bitana ya ndani inabanduka kwa ajili ya kufuliwa, ongeza kidogo uichukue hiyo. Nitaeleza sababu mbele.

Kwa watoto msimamo wangu haubadiliki: usinunue saizi ya kukulia. Najua mantiki yake, sare za shule tunanunua hivyo, lakini kilinda ugoko kikubwa huteleza, humkwaza mtoto anapokimbia, na baada ya muda atakitoa na kukiacha kwenye benchi. Kwa kuwa watoto hukua kabla vifaa havijachakaa, vya mtumba vya watoto mara nyingi viko katika hali nzuri kuliko vya wakubwa. Wazazi wa timu moja wakikubaliana kupokezana jozi kutoka mtoto mkubwa kwenda mdogo, gharama inakuwa ndogo sana.

Neno moja kwa anayependa kutoka mbio kuzuia kona ya penalti, lile pigo la adhabu ambapo mpira hutolewa mstari wa goli kumpa mpigaji alenge goli. Wapigaji hodari wa mchezo huu hurusha mpira kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hata kama kwenu hakuna wa namna hiyo, anayekimbilia mpigaji anahitaji kinga za magoti na barakoa ya uso, na kanuni zinaruhusu kuzivaa wakati huo. Kama timu haina, mkubaliane kona zenu zipigwe chini.

Tukija kwenye begi, linunue baada ya vilinda ugoko, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuvitunza. Watu wanalichagua kwa idadi ya mifuko na rangi. Mimi naangalia vitu vitatu: urefu, mshono, na namna linavyopumua.

Urefu ni rahisi. Magongo bado yanauzwa kwa inchi, na ya wakubwa mengi ni inchi 36.5 au 37.5, yaani kama sentimita 93 na 95. Kanuni zinaruhusu hadi sentimita 105. Nenda na gongo lako dukani, liingize, funga zipu hadi mwisho. Zipu inayolazimishwa kupita kwenye ncha ya gongo itaachia hapo hapo siku za usoni. Anayetembea au kupanda usafiri wa umma apendelee begi la mgongoni lenye mfuko mrefu wa pembeni wa kuchomekea gongo, kwa sababu mikono inabaki huru na uzito unakaa katikati. Begi refu la kulaza kila kitu linamfaa mwenye gari. Yale yenye magurudumu waachie makipa, ambao mzigo wao ni wa aina nyingine kabisa. Kwa mchezaji wa ndani magurudumu yanaongeza uzito na bei, na ndiyo ya kwanza kuvunjika.

Mshono unahitaji ugeuze begi ndani nje. Tafuta mahali mkanda wa begani unapoungana na mwili wa begi. Kwenye begi zuri, hata la bei ndogo, utakuta mkanda umeshonwa kwa mraba wenye msalaba katikati, au unapita chini ya begi lote na kutokea upande wa pili. Kwenye begi baya utakuta ncha ya mkanda imechomekwa kwenye mshono wa pembeni na kupigwa mstari mmoja tu. Vuta kwa nguvu. Ukiona uzi unaachana na matundu yanatanuka, usipoteze muda. Kitambaa kikiandikwa 600D kinatosha. Hiyo D ni deniea, kipimo cha unene wa uzi kinachotokana na uzito wa mita 9,000 za uzi kwa gramu. Kitako ndicho ningetaka kiwe kizito zaidi, maana begi huburuzwa na kuwekwa chini kila mara, na kwenye viwanja vya nyasi bandia vyenye mchanga kitambaa cha chini husagika upesi.

Mchanga huo huo ni adui wa zipu. Chagua meno makubwa ya plastiki, yasiyoota kutu. Yakianza kukwama, yasugue kwa mswaki mkuukuu mkavu, halafu pitisha kipande cha mshumaa mara kadhaa. Zipu ambazo wenzangu walishaamua kuzitupa zimerudi kazini kwa njia hiyo.

Kupumua ndiko kunakosahaulika. Mabegi mengi yamepakwa plastiki kwa ndani ili maji ya mvua yasipenye. Vizuri, ila jasho nalo halitoki. Sponji ya vilinda ugoko ikinyonya jasho, au maji ya kiwanja kinachomwagiliwa, halafu ikafungiwa humo hadi mazoezi yajayo, bakteria watazaliana, harufu itaganda, na ngozi yako ndiyo itakayolipa. Mchubuko mdogo wa ugoko ukikutana na sponji chafu kila wiki unageuka kidonda. Kwa hiyo tafuta begi lenye chumba cha pembeni cha viatu na vitu vilivyolowa, kikiwa na wavu au matundu yenye pete za chuma. Kama ulilonalo halina, mfuko wa wavu wa kubebea vitunguu, ulioning'inizwa nje ya begi, unafanya kazi hiyo hiyo.

Hata begi lenye matundu mengi si mahali pa kulaza vifaa. Ukifika nyumbani toa kila kitu, fungua zipu zote, tundika vilinda ugoko penye upepo. Penye kivuli, tafadhali: jua kali la kila siku huifanya plastiki iwe kavu na kuleta ile mistari myeupe mapema. Bitana inayobanduka ifue kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Isiyobanduka ipanguse kwa kitambaa chenye sabuni, kisha chenye maji safi, na uiache ikauke hadi ndani kabla hujaivaa tena. Usiweke karibu na moto wala kwenye mashine ya kukaushia, kwa sababu gundi inayoshika sponji na gamba huachia kwa joto.

Kama pesa ya sasa inatosha kitu kimoja, chukua vilinda ugoko na ubebe vingine kwenye begi ulilonalo, gongo mkononi. Begi linaweza kusubiri hata msimu mzima. Na siku gamba likipata ufa karibu na kifundo, badilisha jozi yote, usilibandike kwa gundi wala utepe. Lile zima litunze: mwenzako akivunja la upande huo huo, la saizi hiyo, litamfaa.