Begi gumu lenye mchoro wa Van Gogh: linadumu au ni urembo tu?

Mkuu umeuliza kuhusu begi gumu la matairi lenye Starry Night, ule mchoro wa Van Gogh wa usiku wenye nyota, shemeji kaliona mtandaoni kalipenda, mna safari ya Muscat na wewe unaogopa litapasuka hata kabla ya kurudi. Mimi mabegi ndo kazi yangu, nauza Kariakoo, mzigo naufuata mwenyewe Guangzhou, na begi ninalosafiria ni hilohilo la Van Gogh, kwa hiyo ngoja nikumwagie ninachokijua. Itakuwa ndefu, nivumilie.

Nunua tu, ila mchoro uwe kitu cha mwisho kuangalia. Anza na plastiki. Mengi yenye michoro ni plastiki aina ya ABS, au polikaboneti, au mchanganyiko wa hizo mbili. ABS bei yake rahisi na ukiigonga dukani unaona kabisa hii ngumu bana, shida ni kwamba ikidondoshwa kwa kona inaweka mstari mweupe, na huo mstari ndo mwanzo wa ufa. Polikaboneti yenyewe inabonyea halafu inarudi. Ukiwa dukani fungua begi, mkono mmoja ndani mwingine nje, katikati ya mfuniko, kandamiza. Ikiingia ikarudi yenyewe kimyakimya hiyo ndo yenyewe, ikikaza halafu ikatoa kamlio ka "tak" achana nayo. Muuzaji akikukataza kubonyeza ushapata jibu lako, ondoka.

Sasa mchoro. Wengi wanadhani umebandikwa kama stika, hapana, yale mazuri picha inachapwa kwenye filamu nyembamba, filamu inagandishwa na shiti ya plastiki ikiwa bado bapa, halafu shiti inapashwa moto mpaka inalegea na kuvutwa kwa hewa ikae juu ya kalibu, ndo linapatikana lile umbo la begi. Kinachotofautisha la hela na la hovyo ni kama juu ya ile picha kuna tabaka lingine la plastiki angavu. Likiwepo, mikwaruzo inakula plastiki na rangi haiguswi. Lisipokuwepo, rangi iko nje kabisa na wapakiaji wa ndege wataimaliza. Kujua ni rahisi, usiangalie katikati ambako kote kunapendeza, inama uangalie kwenye ukingo wa zipu na pale palipotobolewa kufunga matairi, pitisha ukucha. Kama filamu inanyanyuka hapo wakati begi bado lina karatasi zake za dukani, huo mchoro hautoboi mwaka.

Na kwa vile shiti inavutwa ikiwa ya moto, picha kwenye kona inatanuka. Angalia ule mwezi wa Starry Night uko juu kulia, kwenye mabegi mengi unaangukia kwenye kona kabisa, sasa likiwa limevutwa vibaya mwezi unakuwa umbo la yai na ule unjano umefifia. Mimi nikiwa Guihuagang, soko la mabegi kule Guangzhou, hicho ndo cha kwanza naangalia, kona ikiwa imepauka simsikilizi mtu hata anipe bei gani, maana pale plastiki yenyewe imekuwa nyembamba na kona ndo inayopigwa kuliko sehemu yoyote.

Kuna jambo lingine watu hawalifikirii kabisa, begi limesimama na Starry Night imelala. Mchoro wenyewe una upana wa sentimita 92 na kimo kama 74. Begi kubwa la inchi 28 uso wake una kimo kama 70 na upana 47 hivi. Piga hesabu, ukijaza kimo cha begi unapata nusu na kidogo tu ya mchoro, kinachobaki wamekikata. Kwa hiyo kuna begi utakuta lina ule mti mweusi mrefu wa kushoto ila mwezi hamna, lingine lina mwezi ila mti hamna, na wengine wajanja wanaubinya mchoro wote uingie, hapo nyota zote zinakuwa nyembamba, kichefuchefu. La kwangu wamekata vizuri, wamechukua yale mawimbi ya katikati na mwezi, mti umebaki kipande kwa pembeni. Muombe muuzaji picha ya begi lenyewe aliyopiga kwa simu, ile ya tangazo usiiamini.

Mona Lisa ndo imekaa kibegi haswa, ina kimo cha 77 kwa upana 53, yaani inakaribia kuwa saizi yake halisi kwenye begi kubwa, haikatwi kitu. Tatizo lake ni ile mifereji ya begi, ukikuta begi lina mifereji ya kushuka chini uso wa mama wa watu unagawanyika, tafuta lenye uso bapa. La mchoraji Klimt, wale wanaobusiana, ni mraba wa 180 kwa 180 ila pembeni ni dhahabu dhahabu tu, wakikata hupotezi kitu. Wimbi la Hokusai, yule msanii wa Japani, nalo limelala, na lenyewe halisi ni dogo, karatasi ya kama 26 kwa 38, likitanuliwa kwenye begi inategemea faili walilotumia, mengine ukikaribia unaona vidoti.

Kuhusu kuchafuka, hapa ndo Van Gogh anawapiga wote. Ule ubluu wenye mistari mistari unaficha kila kitu, langu limekwaruzwa sana tu na mpaka uliangalie kwa kuinamisha kwenye mwanga ndo unaona. Dada yangu analo la maua ya mlozi, la Van Gogh huyohuyo la 1890, la rangi ya mbingu na maua meupe, zuri mno, na liliposhuka kwenye mkanda wa mizigo uwanjani mara moja tu likawa na mstari mweusi wa raba toka kona mpaka kona. Ulitoka kwa sabuni ya maji na kitambaa laini baada ya kusugua sana. Usije ukaweka thina wala asetoni, polikaboneti inapasuka vijiufa vidogo vidogo na hapo hairudi tena.

Bei usidanganyike. Van Gogh alifariki 1890, hamna wa kumlipa haki za mchoro, kiwanda chochote kinachapa. Muuzaji akikwambia limepanda bei kwa sababu "limetoka makumbusho ya Van Gogh Amsterdam", Starry Night haiko huko, iko makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, tangu 1941. Lipia plastiki, zipu na matairi.

Mengine haraka haraka: kubwa hakikisha urefu, upana na kina pamoja na matairi havizidi jumla ya sentimita 158, mashirika mengi mwisho wao ni hapo. Lenyewe tupu linakula kilo 4 mpaka 5 kwenye zile kilo 23 za mzigo wako, kama tiketi yako ni ya kilo hizo. Matairi manne ya kuzunguka ni raha kwenye sakafu ya uwanja, kwenye vumbi la mtaani kwetu unalibeba kichwani. Kama mna mpango wa kulizungushia nailoni pale uwanjani basi mchoro wa nini, hauonekani, bora mnunue jeusi. Au chukueni polikaboneti ya kawaida isiyo na picha mkalivishe kava la kitambaa kinachovutika lenye huo mchoro, likichafuka mnafua, wateja wangu kadhaa ndo wanachofanya na hela inabaki.

Halafu nimeona chini huko shemeji kaongeza kwamba sasa anataka lile la msichana wa hereni la mchoraji Vermeer. Lile nyuma yake ni giza tupu, likiwa la kung'aa kila mkwaruzo unatoka mweupe. Mwambie atafute lenye uso usiong'aa, ule ukiupapasa unahisi chenga chenga. Akilikosa arudi kwenye la kwanza.